KALAMU ILIYOKATAA KUUSINGIZIA MZIMU

Jioni inapoingia Igowole, ukungu hushuka juu ya mashamba ya chai, na barabara itokayo Nyololo hujaa watu warudio kutoka kazini. Wapo waliochuma chai tangu asubuhi, wapo waliopakia magogo, wapo madereva na utingo wao. Si wote waendao nyumbani moja kwa moja. Wengine huketi kwanza mbele ya televisheni katika mkahawa, kikombe cha chai mkononi, wakatazama sinema ya Kiswahili yenye mauaji ndani yake. Na kabla hadithi haijafika nusu, watazamaji wamekwisha kugawanyika. Huyu asema mwuaji ni mjomba, yule asema ni mke mdogo. Kila mmoja amegeuka mpelelezi.

Sinema ikiisha watu husimama, hulipa, hujitanda mablanketi na mashuka yao, huondoka. Wanalijua jina la mchezaji. Pengine wanalijua na jina la aliyeshika kamera. Lakini ni nani kati yao aulizaye: hadithi hii imeandikwa na nani? Hapana hata mmoja. Na hali kila neno lililotoka kinywani mwa mchezaji yule lilikuwa kwanza wino juu ya karatasi, na kabla ya kuwa wino lilikuwa taabu katika kichwa cha mtu aliyekaa peke yake usiku.

Leo, ndugu msomaji, twataka kusimulia habari za mtu wa namna hiyo. Twamsimulia kwa sababu maisha yake yana somo kwa wafanyakazi, na kwa sababu somo lenyewe lina uzito wa pekee kwetu sisi wa Nyanda za Juu za Kusini. Mtu huyo ni Mohamed Said Abdulla, mwandishi wa magazeti wa Unguja aliyegeuka kuwa baba wa riwaya ya upelelezi katika lugha ya Kiswahili.

Alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo yake mwaka 1938 hakuingia gazetini. Aliajiriwa katika Idara ya Afya, akawa mkaguzi. Yaani yule ambaye watu wetu humwita bwana afya. Kazi hiyo aliifanya muda wa miaka kumi. Wako wasomaji watakaoipita habari hii haraka, wakidhani kwamba maisha ya mwandishi huanza siku anaposhika kalamu. Sisi twaona kinyume chake. Twaona kwamba miaka ile kumi ndiyo iliyokuwa shule yake kubwa.

Hebu tufikiri bwana afya hufanya nini. Yeye huingia uani mwa watu asioalikwa. Hufunua mtungi, hutazama kama mna viluwiluwi vya mbu. Huzunguka nyuma ya nyumba kutazama choo na jaa. Mtoto akiugua, jirani watasema amerogwa. Bwana afya hana ruhusa ya kusema hivyo. Kazi yake yamlazimu kuuliza: maji haya yametuama wapi? Chakula hiki kimepikwa lini, na nani, kikafunikwa na nini? Kila ugonjwa una chanzo chake, na chanzo hicho chaweza kuonekana kwa mtu mwenye macho na subira. Mtu aliyeishi miaka kumi kwa swali la namna hiyo hawezi tena kuridhika anapoambiwa kwamba jambo fulani limetokea tu, au kwamba limefanywa na pepo.

Mwaka 1948 Bwana Abdulla aliiacha kazi ya afya akawa mwandishi wa habari. Akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na katika miaka iliyofuata akawa mhariri msaidizi wa Al Falaq, wa Afrika Kwetu na wa Al Mahda. Anayeijua siasa ya Unguja ya miaka ile atashangaa kuyaona majina hayo yakikaa pamoja katika maisha ya mtu mmoja, maana Al Falaq lilikuwa sauti ya Jumuiya ya Waarabu, na Afrika Kwetu lilikuwa upande wa Waafrika. Mtu aliyekaa katika meza za pande mbili husikia tukio moja likisimuliwa kwa namna mbili, na kila msimuliaji akiapa. Hapo hujifunza jambo ambalo kila mwandishi wa habari, awe wa mahakamani au wa mashambani, hana budi kulijua: maneno ya shahidi si tukio lenyewe. Hayana budi kupimwa.

Katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, yaliyosimamiwa na East African Literature Bureau, hadithi yake iitwayo Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza. Mwaka 1960 ikatolewa kitabu. Kabla ya hapo Waswahili walikwisha kuwa na Shaaban Robert na Kusadikika yake ya mwaka 1951. Tena shuleni walisoma tafsiri za vitabu vya Waingereza, mathalani Mashimo ya Mfalme Sulemani. Lakini riwaya ya Kiswahili ya mtu anayemtafuta mwuaji kwa akili, hatua kwa hatua, katika mashamba ya minazi na vijiji vya watu wetu wenyewe, ilikuwa jambo geni.

Mpelelezi wa Bwana Abdulla huitwa Bwana Msa. Huvuta kiko, huzungumza kwa mafumbo, na humvumilia Inspekta Seif wa polisi. Rafiki yake Najum humfuata kila aendako, akistaajabu kwa niaba yetu sisi wasomaji. Hapana haja ya kuficha kwamba Bwana Msa ana ujamaa na Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabu vya Mwingereza Arthur Conan Doyle. Lakini mtoto aliyefanana na mjomba bado ni mtoto wa nyumba yake. Bwana Msa hakuhamishwa London akaletwa Unguja kwa meli. Anajua watu wa shamba wanavyosalimiana, anavyosema mtu anapoficha jambo, na neno linalosemwa kwa sauti ya chini msibani. Silaha yake ni kusikiliza Kiswahili.

Tena tazameni alilianza wapi. Maiti imeonekana penye mzimu, mahali ambapo watu wa kijiji huogopa hata kupita. Kila mtu ana jibu tayari: mzimu umekasirika, na mzimu hauulizwi. Mbele ya jibu hilo askari hana la kufanya, hakimu hana wa kumhukumu, na mwuaji anaweza kuja matangani akala pilau pamoja na waliofiwa. Bwana Msa anakataa. Hawatukani watu kwa imani yao wala hawacheki wazee. Anatafuta tu mkono wa mtu. Bwana afya wa mwaka 1938 amerudi, safari hii akikagua maiti badala ya mtungi.

Hapa ndipo, ndugu wanachama na wafanyakazi, tunapofika kwenye jambo linalotugusa sisi. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto waliuawa katika mkoa jirani wa Njombe, na baadhi ya miili yao ilikutwa imekatwa viungo. Viongozi wa Serikali walisema wazi kwamba imani za kishirikina zilihusika. Miaka ishirini hivi kabla ya hapo, Mkoa wa Mbeya ulitikiswa na habari za watu kuuawa na kuchunwa ngozi. Na tangu kati ya miaka ya 2000 taifa zima liliona aibu ya ndugu zetu wenye ualbino kuwindwa kwa ajili ya viungo vyao, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Mambo haya si hadithi. Wazazi waliozika wapo.

Katika misiba ya namna hii sisi waandishi wa magazeti hupenda kuandika kwamba ushirikina umeua. Sentensi hii yaonekana ya haki, maana yaulaani ujinga. Lakini itazameni vizuri. Ushirikina haushiki panga. Haukodi pikipiki usiku. Haulipi fedha taslimu wala haupokei. Anayefanya hayo ni mtu mwenye jina, mwenye nyumba, mwenye mnunuzi wa bidhaa yake ya kutisha. Tuandikapo kwamba ushirikina umeua, kisha tukaweka nukta, tumefanya kile kile walichofanya wanakijiji wa hadithi: tumeusingizia mzimu, na mwuaji amekwenda zake. Na pengine tumefanya vibaya zaidi, kwa kuwa bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni atatajwa kuwa mchawi, naye atalipa deni lisilo lake.

Njia ya Bwana Msa ni nyingine. Ni nani aliyeonekana naye mara ya mwisho? Ni nani aliyefaidika? Ni nani aliyekuwa wa kwanza kulitaja jina la mzimu, na kwa nini alifanya haraka hivyo? Maswali haya hayahitaji chuo kikuu. Mchuma chai anayaweza. Balozi wa nyumba kumi anayaweza. Mwandishi kijana wa redio ya mkoa anayaweza, endapo mhariri wake hatamharakisha.

Si Unguja peke yake iliyomtoa mwandishi wa habari akamfanya mtunzi. Huko Marekani alikuwako Ben Hecht, aliyeanza kazi ya magazeti mjini Chicago mwaka 1910, akiwa kijana mdogo, akitumwa mahakamani, magerezani na vyumba vya maiti. Mwaka 1920 mtu mmoja aitwaye Carl Wanderer, aliyekuwa mwanajeshi, alidai kwamba mnyang'anyi alimvamia mlangoni mwa nyumba yake akamwua mke wake mjamzito, naye akampiga risasi mnyang'anyi huyo. Mji ulimsifu kwa ushujaa. Hecht alikuwa miongoni mwa waandishi waliomtilia shaka. Bastola ya yule aliyeitwa mnyang'anyi ilifuatiliwa, na njia yake ikaelekea kwa jamaa za Wanderer mwenyewe. Shujaa alikuwa mwuaji, naye alinyongwa mwaka 1921.

Mwaka huo huo Hecht alitoa riwaya yake ya kwanza, Erik Dorn. Baadaye akaitwa Hollywood, na mwaka 1927 ikatoka Underworld, sinema ya majambazi iliyotokana na hadithi yake. Ikampatia tuzo ya hadithi katika tuzo za kwanza za Oscar, zilizotolewa mwaka 1929. Scarface ya mwaka 1932 nayo ilitoka katika kalamu yake. Watazamaji wa dunia nzima waliona majambazi wake. Waliolijua jina lake walikuwa wachache.

Lakini Hecht alikuwa na ila moja, naye hakuificha. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1954, alikiri kwamba katika ujana wake gazetini alipata kubuni habari ambazo hazikutokea kabisa, zikapigwa chapa kama kweli. Ajabu ya jambo hili ni kwamba kipaji kile kile kilichokuwa wizi ndani ya gazeti kilikuwa zawadi ndani ya riwaya. Msomaji wa gazeti hununua ukweli; ukimwuzia ndoto umemwibia senti zake na akili yake. Msomaji wa riwaya ameomba ndoto mwenyewe, na ukimpa iliyo njema ataondoka na akili zaidi. Kila jambo na mahali pake. Mtu mwenye kiu ya kubuni hana budi kuhama meza, kama Bwana Abdulla alivyohama.

Na yeye hakuhama kwa pupa. Mwaka ule ule wa 1958 alipewa kazi ya kuhariri Mkulima, jarida la kilimo, akaifanya mpaka alipostaafu mwaka 1968. Yaani mshindi wa tuzo ya kwanza alirudi kuandika habari za kilimo kwa miaka kumi. Mwaka aliostaafu ndipo kilipotoka kitabu chake cha pili, Kisima cha Giningi. Kisha vikafuata Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Vitabu vyake vyote, isipokuwa kile cha kwanza, vilitoka tangu mwaka ule aliokabidhi meza ya kazi. Wale wasemao kwamba mtu akistaafu amekwisha, na watafakari hesabu hiyo. Tena jina la kile cha mwisho na litafakariwe: baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kumfanya mpelelezi wake ajue kila kitu, mzee aliandika juu ya jalada kwamba hata Bwana Msa hukosa. Alifariki mwaka 1991.

Njia aliyoifyeka haikuota majani. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo. Mwaka 1974 Elvis Musiba alimleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, wakati nchi yetu ilipokuwa kituo cha ukombozi wa Kusini mwa Afrika, na adui wa mpelelezi alikuwa adui wa bara zima. Kisha akaja Ben Mtobwa, mwandishi wa habari mzaliwa wa Kigoma, na Joram Kiango wake, ambaye vijana wa miaka ya 1980 walimjua kuliko walivyowajua mawaziri. Mtobwa alifanya jambo ambalo wafanyakazi watalielewa upesi: hakutosheka na kuandika, bali alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, ili aliyelima awe na ghala lake mwenyewe. Alifariki mwaka 2008. Na jirani zetu wa Kenya walikuwa na Hilary Ng'weno, mwandishi wa habari aliyekuwa mhariri mkuu wa kwanza Mwafrika wa Daily Nation. Alitoa riwaya ya upelelezi kwa Kiingereza mwaka 1975, na katika uzee wake akaisimulia historia ya Kenya katika televisheni. Alifariki mwaka 2021.

Sasa twauliza: sinema zetu za Kiswahili zimevuna nini katika shamba hili? Unguja ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1973, nayo Bara ikapata zake tangu mwaka 1994. Tangu miaka ya 2000 sinema zetu zimefika mpaka Igowole, na watu wamezipenda, maana zinasema lugha yao. Lakini mara nyingi hadithi huwa dhaifu: mwuaji hufichuliwa kwa ndoto, au kwa mganga, au kwa mzimu. Twaona jinsi mambo yanavyozunguka! Kile alichokikataa mzee wa Makunduchi katika karatasi mwaka 1960 kimerudi kwa mlango wa sinema.

Sababu moja ni kwamba mwandishi wa sinema huhesabiwa kuwa mtu wa bure. Mwenye kamera hulipwa, mwenye gari hulipwa, mpishi hulipwa. Mwandishi huambiwa asubiri. Mchuma chai hupimiwa majani yake kwenye mizani na kuandikiwa kilo zake. Akipunjwa atalalamika, na sisi tutamwunga mkono. Jasho la mwandishi nalo lina mizani yake. Tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na chombo cha kuisimamia kipo, nacho ni COSOTA. Mwenye kutaka kumtia Bwana Msa katika sinema na aende kwa wenye haki, alipe, aandike jina la mtunzi mwanzoni pale ambapo herufi ni kubwa. Na mwenye kununua kitabu cha wizi barabarani ajue kwamba amekula mshahara wa mtu.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote. Atokaye barabara kuu kwenda Igowole hupinda Nyololo. Hapo Nyololo, tarehe 2 Septemba 2012, Daudi Mwangosi, mwandishi wa habari wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya Iringa, aliuawa akiwa kazini, mbele ya polisi waliokuwa wakitawanya mkutano wa siasa. Mwaka 2016 mahakama ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15. Twalitaja jambo hili bila kulizungusha, kwa kuwa gazeti litakalomsifu mwandishi wa vitabu aliyemtafuta mwuaji, kisha likapita Nyololo limefumba macho, litakuwa limejipaka rangi tu. Riwaya hupenda kutuonyesha mpelelezi ambaye risasi hazimpati. Mwandishi wa habari wa kweli hana kinga hiyo. Ana daftari, kamera, na imani kwamba wenzake hawatanyamaza.

Basi kwako wewe kijana wa Igowole, uliyemaliza shule na unayepakia magogo huku kichwani mna hadithi: usidharau kazi uliyo nayo. Mzee Abdulla alikagua mitungi miaka kumi kabla ya kuhariri gazeti, na akahariri miaka ishirini kabla ya kuwa mtunzi wa kila siku. Tazama, sikiliza, andika tarehe. Watu wakikuambia kwamba ni mzimu, wasalimie kwa heshima, kisha uliza nani alipita njia ile jana usiku.